Dirisha Ndani ya Jumele

Mama Béthanie, jirani wa ua mmoja na Ndaya, alidai kwamba Umba, kaka mkubwa wa Ndaya na askari wa kambi ya Kamina, aliona nyumba ya wafu. Kwa masimulizi yake, usiku wa Jumanne Umba alikuwa zamu darajani, jumele ya usiku, ile darubini ya kuonea gizani, machoni, na ghafla nyumba ikasimama hewani juu ya maji. Haina kuta, haina mabati, ni madirisha matupu. Ndani ya madirisha watu wamekaa wanakula. Mmoja wao akamwita Umba kwa jina la babu yake. Umba akakauka palepale, na alipokuwa amekauka, watu thelathini wenye bunduki wakapita chini ya pua yake, asikohoe hata mara moja.

"Thelathini, Ndaya! Minyi sisemi bongo. Na yote hii ni juu ya dawa ya kule Mulongo. Yaya yako alijipakala dawa, dawa ikafunga jumele macho."

Ndaya alikuwa akichambua maharagwe kwenye ungo. Hakuinua kichwa. Alfajiri ya Jumatano ileile watu wa Mama Béthanie walikuwa kumi, saa nne wakafika ishirini.

"Madirisha ilikuwa ngapi, mama?"

"Aba! Ninakuambia bantu thelathini, weye unauliza madirisha?"

"Ngapi?"

"Tatu. Njo Umba mwenyewe alisema, mpishi ya kambi alisikia. Tatu, nyeusi kama shimo."

Asubuhi alisema tatu, na sasa tatu. Watu walizidi kila saa, lakini madirisha hayakuongezeka hata moja. Ndaya aliliweka hilo moyoni, akatupa jiwe dogo alilolipata katikati ya maharagwe.

Habari aliyoileta mpishi wa kambi ilikuwa fupi zaidi. Doria ya kambi yenyewe, askari sita, ilirudi ikifuata reli, ikafika darajani, na mmoja wao akamgusa Umba begani kabla Umba hajawaona. Wenzake wakacheka. Komanda Mputu hakucheka. Mwaka ule wa tisini na tisa vita ilikuwa upande wa kaskazini, na kila treni iliyofika Kamina ilishusha majeruhi na watu waliobeba magodoro. Daraja lile likichukuliwa, mji umekatwa. Na kambi nzima ilikuwa na jumele moja tu ya kuonea gizani.

Ilipochunguzwa, kioo chake kilikutwa na ukungu mweupe wa pemba, ule udongo ambao mabibi wa Kiluba humpaka mtu kifuani akisafiri ili njia imnyokee. Na picha yake ilikuwa na mabaka meusi. Adjudant Kabwe, mtunza silaha, akasema hapohapo kwamba Umba ameiua jumele kwa pemba yake, na kwamba mwenye kuua silaha wakati wa vita anamfanyia adui kazi. Umba akatiwa kasho, mahabusu ya kambi. Jumamosi ndege ingeleta unga na risasi, na ikirudi Lubumbashi ingemchukua Umba kwenda kuhukumiwa. Waliopelekwa kwa neno kama lile, hakuna aliyekuwa amerudi kusimulia.

Ndaya alikuwa na miaka ishirini na mbili, na Umba ndiye mtu pekee wa tumbo moja aliyebaki naye. Baba yao, Ngoy, alikuwa karani pale gare, stesheni ya treni, mtu wa kanisa la Methodiste, mwenye miwani minene. Alipokufa, Ndaya alikuwa amemaliza primaire ya sita, na shule ikaishia hapo. Umba akaingia jeshi. Ndaya akapata kazi ya kufua, kupiga pasi na kufagia kambini. Hakuwa msemaji. Kazi aliyoiweza kuliko watu wengi wa Kamina ilikuwa kuangalia kitu mpaka kitu chenyewe kichoke kujificha.

Jioni ile akaenda kasho na sahani imefunikwa. Tundu la kuingizia hewa lilikuwa dogo, uso wa Umba ukatokea nusu.

"Yaya."

"Ndaya. Umeleta nini?"

"Bukari na sombe. Na maulizo."

"Bukari nitakula. Maulizo, kula weye."

"Pemba uliweka?"

Umba akaangalia vidole vyake. "Niliweka. Kambo, mama ya baba, alinipatiaka siku nilitoka kwake Mulongo. Kidogo tu, na kidole, pembeni ya kioo. Ingine ikaingia katikati, nikapangusa na shati."

Ndaya akafumba macho kama aliyechomwa na mwiba. "Na shati! Ile yenye vumbi ya reli?"

"Niko na shati ya ndoa huku?"

"Haya. Madirisha uliona mbele ya pemba, ao nyuma?"

"Mbele! Njo sababu niliweka pemba, Ndaya. Jumatatu magaribi nilipata jumele ku mikono ya Adjudant, nikafika ku daraja, nikawasha, na ile bintu iko pale inaningoja. Minyi nilikuwa Kabalo, nilisikia mabomu, sikukimbia. Lakini ile... Kesho yake nikaleta pemba."

"Ukigeuka kuangalia reli, madirisha inabakia ku maji?"

"Hapana. Inanifuata. Nikiangalia reli, iko ku reli. Nikiangalia mbingu, iko ku mbingu."

"Basi haiko ya inje. Iko ndani ya jumele."

"Adjudant naye anasema iko ndani. Anasema njo minyi niliitia." Umba alishika ukingo wa tundu, na vidole vyake vilikuwa bado vyeupe kwenye kucha. "Dada, Jumamosi iko karibu."

"Najua Jumamosi. Kula, inapoa."

Alhamisi akafagia biro ya Adjudant Kabwe, ile ofisi ya silaha, kama kila siku, ila siku ile alifagia taratibu kuliko kawaida. Adjudant alikuwa ametoka kupokea mizigo. Kwenye rafu kulikuwa na kitabu kidogo kilichokuja na jumele, chenye herufi za lugha ambayo kambini hakuna aliyeijua, nyingine kama zimegeuzwa kinyumenyume. Askari walikidharau kwa sababu hiyo. Ndaya hakukidharau. Kwa miaka miwili, kila akifuta vumbi kwenye rafu, alikuwa amefungua ukurasa mmoja na kutazama picha zake. Palikuwa na duara zenye nukta ndogo, duara zenye ukungu, duara iliyong'aa ukingoni. Palikuwa na kidole kinagusa kioo, kimepigwa msalaba mwekundu. Na palikuwa na jumele inayotazama jua bila kifuniko. Juu ya hiyo msalaba ulikuwa mkubwa kuliko yote, na duara ya pembeni yake ilikuwa na kovu jeusi.

Aliliangalia kovu lile, na kumbukumbu ikamjia pole pole, kama mtu anayepanda ngazi.

Jumatatu. Saa saba ya mchana. Adjudant alikuwa na wageni wawili kutoka Luena, wachuuzi wa makaa na mahindi, na alikuwa amewaonyesha jumele ili wajue wanakula na mtu gani. Halafu wakaenda kula. Ndaya alipoingia kufagia, jumele ilikuwa imesimama mezani peke yake, jicho lake kubwa linatazama dirisha. Ilikuwa inalia sauti nyembamba kama mbu. Kifuniko chake kilikuwa chini ya kiti. Ndaya alikiokota, akakiweka mezani kando yake, akaendelea na ufagio. Adjudant alikuwa amemwambia zamani: "Weye gusa fagio, usiguse kazi."

Sasa alivuta kiti, akakaa, kitu ambacho hakuwahi kukifanya mle. Akashusha kichwa mpaka macho yake yakawa mahali pale jicho la jumele lilipokuwa. Mbele yake dirisha. Vioo vinne, vimegawanywa na mbao mbili zilizopishana. Kioo cha chini upande wa kushoto kilikuwa kimevunjika tangu mvua za mwaka uliopita, na mahali pake palizibwa na kartoni ya sabuni. Vioo vitatu viliwaka jua la Kamina. Cha nne kilikuwa giza.

Ndaya alikaa palepale mpaka mgongo ukamuuma. Kisha akasimama, akarudisha kiti mahali pake, akamalizia kufagia.

Ijumaa asubuhi alimpelekea Komanda Mputu nguo zilizopigwa pasi. Komanda alikuwa mtu mrefu, mwenye miwani, na alikuwa akiifuta kwa mkono wa koti lake.

"Komanda, unaikwaruza."

"Nini?"

"Koti iko na vumbi. Vumbi ni mawe midogo. Unasugua kioo na mawe." Akanyoosha mkono, na Komanda, labda kwa mshangao, akampa. Ndaya alipuliza kwanza kioo hiki na kile, akatoa kitambaa cha pamba cha marehemu baba yake, kilichofuliwa mpaka kikawa laini kama sikio la mtoto, akafuta kuanzia katikati kwenda ukingoni. Hivyo ndivyo alivyomfutia baba yake kila asubuhi kabla ya treni ya kwanza.

Komanda akaivaa. Akatazama nje. "Kumbe ule muti iko na majani."

"Komanda, ninaomba jumele. Nusu saa tu, ndani ya depo ya unga, mulango ifungwe na mablanketi. Weye mwenyewe ukuwe pale. Na Adjudant pia."

Komanda akamtazama kwa miwani yake iliyotakata. "Weye ulisoma mpaka wapi?"

"Primaire ya sita."

"Na jumele, ulisomea wapi?"

"Ku miwani ya baba. Na ku kitabu ya Adjudant. Mapicha haiulize diplome, komanda."

"Na ukishindwa?"

"Nikishindwa, ndege yako ya kesho iko palepale."

Saa nne depo ya unga ilikuwa tayari, na kwa sababu kambini siri haikai, askari kumi na kitu walisimama mlangoni. Ndaya alifika na kikapu. Akatoa kitambaa cha baba yake. Kisha akatoa poire, ule mpira wa kuoshea watoto tumbo. Ilikuwa mpya kabisa. Aliiazima kwa Mama Béthanie, aliyeinunulia mjukuu ambaye bado hajazaliwa, na mama huyo hakuitoa mpaka Ndaya amwahidi kumsimulia kila kitu.

Adjudant Kabwe akashika kiuno na kucheka. "Mumuone! Jumele iko na tumbo ngumu! Munganga iko anakuja kuipiga poire!"

Askari wakapasuka. Mmoja akauliza kama jumele italala kiubavu ao kifudifudi. Ndaya alingoja wamalize, kama mtu anavyongoja treni ipite ndipo avuke.

"Komanda, tuangalie kwanza namna iko, mbele sijaigusa."

Mablanketi yakashushwa. Ndani kukawa giza la kweli, lenye harufu ya unga wa mihogo. Ndaya alitoa kifuniko gizani tu, wala si kabla, akawasha. Sauti ile ya mbu ikaanza. Komanda akaweka macho.

"Unaona nini?"

"Rangi ya majani. Ukungu. Punje nyeusi mingi, kama chai imemwagika na majani yake. Na katikati, mabaka tatu minene."

"Basi utakumbuka: ukungu, punje, mabaka. Bintu tatu, na kila moja iko na mama yake."

Akazima, akafunika, akatoa mawe yake mawili ya umeme, yaani betri, ndipo akaomba blanketi moja liinuliwe. Aligeuza mgongo wake kwenye mwanga, jumele ikabaki kivulini mwake. Hapo alianza kazi, na aliongea huku anafanya, kwa sauti ileile aliyotumia kuhesabu mashati.

"Pemba ni bulongo. Ukipangusa bulongo kavu na nguo, umeichora kioo, na muchoro haitoki tena. Kwanza pepo." Akaminya poire, ikapumua fu, fu, na vumbi jeupe likaruka. Safari hii walicheka wachache. "Kinywa yako haifai, juu mate inaruka na pepo. Sasa kitambaa, yenye kufuliwa na haina amido ya kupigia pasi. Katikati, unazunguka, unatokea pembeni. Hausukume. Kioo haikukosea."

"Kioo haikukosea," akarudia askari mmoja mlangoni, kwa sauti ya chini.

Alimaliza kioo cha mbele, akafanya viwili vya nyuma vya kutazamia. Kwenye kimoja aliacha kwa makusudi punje moja ukingoni. Mablanketi yakashuka tena.

"Komanda?"

Komanda Mputu aligeuza kichwa pole pole, huku na huku. "Ukungu imeisha. Punje zimeisha, imebakia moja tu. Ninaona magunia. Ninaona... Kabwe, ninaona hata kifungo ya shati yako. Imefungwa vibaya."

Gizani mtu alikohoa kuzuia cheko.

"Sasa shika hii pete yenye unatazamia, uizungushe pole pole. Punje inafanya nini?"

"Inazunguka. Inafuata pete."

"Basi iko ku kioo ya pete, kitambaa itaitoa. Na mabaka tatu?"

"Haitembei."

"Haitembei. Nimepangusa mbele, nimepangusa nyuma, umezungusha pete, haitembei. Haiko juu ya kioo, komanda. Iko mu jicho yenyewe, ndani kabisa, fasi pemba haiwezi kufika hata ukiipaka na ndoo. Yaya yangu alichafua kioo, na mumeona nimeisafisha. Mabaka, yee aliikuta."

"Alikuta!" Sauti ya Adjudant ilitoka upande wa magunia. "Kila askari anasemaka alikuta!"

Ndaya akaendelea. "Komanda, mabaka iko na sura gani?"

"Ya mraba. Mbili juu. Moja chini."

"Chini upande gani?"

"Kuume. Kushoto hakuna kitu, ni safi."

"Na katikati yake?"

"Kamustari. Kanapanda, na kengine kanalala. Kama musalaba."

"Bantu balikufa habana seremala, komanda. Ile ni mbao ya dirisha. Jumele ni jicho ya giza. Ukiiwasha muchana, kifuniko chini, ukaiacha inatazama fasi moja penye jua, inaungua, na inabakia na kovu ya kile iliangalia. Kitabu imechora ile, paji ya kumi na moja. Vioo tatu vilikuwa na jua. Ya ine ilikuwa imezibwa."

Mbu wa jumele alilia peke yake. Kisha Komanda akasema, taratibu, "Dirisha ya wapi?"

"Kamina iko na madirisha mingi," akasema Adjudant Kabwe haraka.

"Iko mingi, Adjudant," akasema Ndaya. "Yenye kartoni ya sabuni chini kushoto, minyi ninafagiaka chini yake kila siku."

Hakuna aliyecheka. Walivuka uwanja wote pamoja, Komanda mbele, jumele imefunikwa kifuani pake kama mtoto. Ndani ya biro alikaa kwenye kiti kile, akashusha kichwa, akatazama dirisha. Akahesabu kwa kidole: moja, mbili, tatu. Akakaa hivyo. Ndaya akaona afadhali amalize mwenyewe, kabla mtu mwingine hajamalizia.

"Na minyi niko na kosa yangu. Jumatatu saa saba niliikuta hapa, iko inalia. Kifuniko nilikiokota chini. Sikuifunika."

"Juu ya nini?"

"Nilikatazwa kugusa kazi."

Adjudant Kabwe alitazama viatu vyake. Vilikuwa vimeng'arishwa vizuri, na Ndaya ndiye aliyeving'arisha.

Kabla ya chakula cha mchana Umba alitoka kasho, macho ameyafinya kwa mwanga. Komanda alimwambia mbele ya wote kwamba pemba ya kambo yake ni ya kifuani, na shati lake ni la mgongoni, na kati ya hivyo viwili hakuna kinachofika tena kwenye kioo. Umba akasema, "Eyo vidye," ndiyo bwana kwa Kiluba, na akapiga goti. Adjudant Kabwe naye alipewa zamu ya darajani mwezi mzima, na jumele ileile. "Iko inaona vizuri sasa," Komanda akasema. "Na ukikosa kazi, utahesabu madirisha yako."

Mchana ule Komanda alituma kartoni safi na kalamu nene kwa Ndaya. Alitaka maneno yabandikwe mlangoni mwa depo, na alitaka yaandikwe na mkono uliojua. Ndaya aliandika akiwa amepiga magoti sakafuni, herufi za primaire ya sita, kubwa, zilizosimama wima. Kwamba kifuniko hakitoki mpaka giza liingie, na anayetaka kujaribu mchana atazame kwa lile tundu la sindano lililo katikati ya kifuniko. Kwamba jumele haiangalii jua, wala moto, wala taa ya treni, na ikiwekwa chini inazimwa. Kwamba ikilala, mawe yanatolewa, maana mawe yakioza yanatapika ndani. Kwamba ikitoka kwenye baridi ya alfajiri haifungwi sandukuni ingali na jasho, inaachwa kwanza ikauke, na vile vipakiti vidogo vinavyokaa nayo si chumvi, ni vya kunywa unyevu, mpishi asivichukue tena. Kwamba kila anayeipokea atazame kwanza na kusema anachokiona mbele ya anayempa, wote wawili, ili lawama isilale kwa mtu wa mwisho. Hilo aliliandika kwa herufi kubwa kuliko zote.

Komanda alisoma mpaka chini, midomo ikitembea. Alitia sahihi. Halafu, bila mtu kumwomba, akaandika chini ya sahihi yake: *Mwangalizi wa jumele: Ndaya Ngoy.* Ndaya aliisoma mara mbili. Jina la baba yake lilikuwa halijaandikwa mahali pa kazi tangu walipotoa jina lake mlangoni pa gare. Aliporudi nyumbani alipita mbele ya depo, ingawa njia yake haikuwa ile.

Jumamosi ndege ilikuja, ikashusha unga na risasi, na saa sita ikapanda tena. Ndaya alikuwa nyuma ya nyumba, anaanika nguo za kambi. Alisimama kuisikiliza mpaka sauti ikaisha upande wa Lubumbashi. Ndani, Umba alikuwa amelala anakoroma, usingizi wa siku nne. Ndaya akachukua shati lingine kwenye beseni, akalikung'uta kwa nguvu, na akajikuta anaimba wimbo wa kanisa, ule wa sauti ya juu ambao kwa kawaida aliwaachia wengine.

Adjudant Kabwe alitokea kwenye pembe ya nyumba. Alikuwa bila kofia. Macho yalikuwa mekundu kwa zamu yake ya kwanza.

"Moyo, Ndaya," akasalimia.

"Eyo, Adjudant. Moyo."

"Jumele iko muzuri. Niliona paka iko anavuka reli. Mbali sana."

"Uliifunika?"

"Niliifunika. Niliona na kuifunika." Alisugua shingo. Upande wa pili wa ua, Mama Béthanie alikuwa ameinama kwenye mboga zake, na alikuwa amechuma jani lilelile kwa muda mrefu. Adjudant akamwona, akashusha sauti. "Dada. Ile mambo ya dirisha. Komanda anajua, basoda ya kambi banajua, sawa. Lakini kule ku mji, ku kanisa, bibi yangu... Ule jirani yako, nilisikia Umba alikuwa na bantu thelathini mu kinywa yake. Minyi atanipatia wangapi? Ninakuomba, Ndaya. Yee asijue. Ninakuomba kabisa."

Ndaya alikunjua shati alilolishika. Lilikuwa la Adjudant mwenyewe. Alilijua kwa kifungo cha tatu. Akalinyoosha mabega, akalitundika kambani, akabana upande mmoja, akabana na wa pili. Ndani ya kikapu, chini ya vibanio, ilikuwa poire ya Mama Béthanie, imeoshwa, inangoja kurudishwa pamoja na masimulizi yaliyoahidiwa.

"Ndaya?" akasema Adjudant.

Mama Béthanie akaacha mboga, akasimama wima, akajifuta mikono kwenye kitenge, akaanza kuja.